Ukurasa wa wavuti hutanguliaje katika majibu ya utafutaji?

UANDAAJI wa kurasa za wavuti ili zitangulie katika majibu ya mitambo ya utafutaji ni taaluma changa, yenye umri wa takriban miaka 30. Hata hivyo, imekwisha kuzaa matajiri, walaghai na kesi mahakamani. Mwenye hoteli Diani, muuza mbegu Kitale na mhariri wa gazeti jijini Nairobi wote wanaitegemea, wajue wasijue, kwa kuwa mtu anayetafuta jambo kwenye intaneti aghalabu husoma majibu machache ya mwanzo na kuyapuuza mengine. Ukurasa ulio katika nafasi ya 40 ni kama duka lililo kichochoroni, tena lisilo na kibao.

Ifahamike mapema kwamba mtambo wa utafutaji hauizunguki intaneti pale mtu anapoandika swali lake. Kazi hiyo huwa imekwisha kufanywa. Programu tambazi, ambazo wataalamu huziita buibui, hupita usiku na mchana zikifuata kiungo kimoja hadi kingine na kunakili zinachokikuta. Nakala hizo huchambuliwa na maneno yake kuingizwa katika faharasa kubwa mno, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu: neno kwanza, kisha orodha ya kurasa lilimo. Swali linapoulizwa, mtambo huifungua faharasa hiyo, hukusanya kurasa zinazohusika na kuzipanga kabla mwenye swali hajapepesa jicho.

Hatua hizo tatu hazirukiki. Ukurasa usiofikiwa na buibui hauingii katika faharasa, na usioingia katika faharasa hauwezi kupangwa, hata kama umeandikwa kwa ufasaha usio na kifani. Ndiyo maana fundi mzuri huanza kazi yake kwa kuuliza maswali ambayo hayana uhusiano wowote na maneno. Je, kila ukurasa una kiungo kinachoelekea kwake? Je, faili ya robots.txt, utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 ili kuziambia buibui zisipite wapi, imefunga mlango ambao ungepaswa kuwa wazi? Zipo tovuti zilizokaa miezi zikilalamika kuonewa ilhali zilijifungia nje zenyewe kwa mstari mmoja wa faili hiyo.

Kutoka kuhesabu maneno hadi kuhesabu viungo

Archie, mtambo unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hii, ulibuniwa mwaka 1990 na Alan Emtage, kijana wa Barbados aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada. Uliorodhesha majina ya faili tu. Mwaka 1994, WebCrawler wa Brian Pinkerton, wa Chuo Kikuu cha Washington, ukaanza kusoma maneno yote yaliyomo katika ukurasa. Desemba 1995 kampuni ya Digital ikazindua AltaVista, ambao kwa muda uliwavutia watafutaji wengi kuliko mingine, hadi ulipofungwa mwaka 2013.

Mitambo hiyo ya awali iliamini kwa kiasi kikubwa kile ambacho ukurasa ulisema kujihusu. Ukurasa uliotaja neno "hoteli" mara 50 ulichukuliwa kuwa unahusu hoteli zaidi ya ule uliolitaja mara tano. Wajanja hawakukawia. Wakayarundika maneno chini ya ukurasa, tena kwa maandishi meupe juu ya usuli mweupe, ili buibui wayasome na binadamu wasiyaone. Sehemu maalumu iliyofichika ndani ya ukurasa, ambapo mwenye tovuti aliruhusiwa kutaja maneno makuu yanayohusu kazi yake, ikajazwa majina ya washindani na hata ya watu mashuhuri wasiohusika. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba haiitumii sehemu hiyo kabisa katika kupanga matokeo. Anayewatoza wateja fedha hadi leo kwa kuijaza anauza maji kando ya mto.

Mabadiliko makubwa yalitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa uzamifu, waliazima fikra ya zamani kutoka kwa wasomi: makala ya kisayansi hupimwa kwa idadi ya makala nyingine zinazoitaja. Waliuona kila uunganisho kati ya kurasa kuwa ni kura. Lakini kura hizo hazikuwa na uzito sawa. Ukurasa ambao wenyewe umeungwa mkono na wengi hutoa kura nzito, na nguvu yake hugawanywa baina ya viungo vyote ulivyo navyo. Ukiwa na viungo vinne, kila kimoja hupata robo. Ukiwa na 100, kila kimoja hupata sehemu moja ya 100. Katika makala waliyoichapisha mwaka 1998, waliieleza hesabu hiyo kwa mfano wa msomaji anayebofya viungo bila kuchoka, isipokuwa kila mara kuna uwezekano wa asilimia 15 hivi kwamba atachoshwa na kurukia ukurasa mwingine wowote. Kurasa anazozifikia mara nyingi zaidi ndizo zilizo na hadhi. Mwaka huo huo wakaianzisha kampuni yao.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hesabu ya Page na Brin ilikuwa jaribio la kuutia usemi huo katika tarakimu: kisichojisifu bali kinachosifiwa ndicho kitangulie. Walichokosa kukizuia ni sifa za kununuliwa.

Sifa za kununuliwa

Pindi ilipojulikana kwamba viungo vina thamani, vikawa bidhaa sokoni. Kukaibuka mashamba ya viungo, yaani mamia ya tovuti ambazo hazina msomaji wala haja ya msomaji, zilizopo ili kuzielekezea kura tovuti nyingine kwa malipo. Sehemu za maoni ya wasomaji zikafurika matangazo ya dawa na kamari, kiasi kwamba Januari 2005 Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana kuitambua alama ya kuonyesha kwamba kiungo fulani kisihesabiwe kuwa kura.

Kampuni zenye majina makubwa nazo zilijikwaa. Februari 2006 tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya magari ya BMW iliondolewa katika faharasa ya Google. Ilibainika kuwa ilikuwa na kurasa za mlangoni: buibui alisomeshwa ukurasa uliojaa maneno kuhusu magari yaliyotumika, ilhali binadamu alipoufungua alipelekwa papo hapo kwenye ukurasa mwingine wenye picha na maneno machache. Kampuni ilikiri kuzitumia kurasa hizo, ikakana nia ya kudanganya, ikaziondoa, na baada ya siku chache ikarejeshwa.

Kisa cha J. C. Penney, kampuni ya maduka ya Marekani, kinafundisha zaidi kwa kuwa hakikuhusu hila ndani ya tovuti yenyewe. Katika msimu wa sikukuu wa mwishoni mwa 2010, mtu aliyetafuta magauni, matandiko au mazulia kwa Kiingereza alikutana na kampuni hiyo kileleni, mara nyingine mbele ya watengenezaji wa bidhaa zenyewe. Gazeti la New York Times lilimwomba mtaalamu achunguze. Akakuta kurasa zipatazo 2,000 zenye viungo vilivyoandikwa maneno kama "magauni ya jioni" vikielekea kwa kampuni hiyo, vingi vikiwa katika tovuti zisizohusiana hata chembe na mavazi.

Google ilipoarifiwa ilichukua hatua bila kungoja kompyuta iamue. Jioni ya Jumatano, Februari 9, 2011, saa moja, J. C. Penney ilikuwa ya kwanza kwa wanaotafuta masanduku ya safari ya Samsonite. Saa mbili baadaye ilikuwa nambari 71. Kwa fanicha za sebuleni ilianguka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 68. Kampuni ilisema haikujua lolote kuhusu viungo hivyo na ikamfuta mshauri wake wa utafutaji. Huenda ilisema kweli. Lakini adhabu haikumwangukia mshauri. Iliiangukia tovuti, na hilo ni jambo la kuzingatiwa na kila mwenye biashara anayemkabidhi mtu asiyemjua funguo za tovuti yake kwa ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe imeandika katika mwongozo wake kwamba hakuna awezaye kuidhamini nafasi hiyo.

Mwezi huo huo wa Februari 2011 yalitangazwa mabadiliko yaliyokuja kuitwa Panda, yaliyozishusha tovuti zilizozalisha makala nyepesi kwa maelfu. Kwa mujibu wa Google, yaligusa takriban asilimia 11.8 ya maswali nchini Marekani. Aprili 2012 yakafuata ya Penguin, yaliyolenga viungo vya hila. Machi 2024 kampuni hiyo ilitunga sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila manufaa kwa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu, pamoja na sera dhidi ya tovuti zenye heshima zinazokodisha sehemu ya anwani zao kwa wauzaji wa nje. Magazeti kadhaa ya ng'ambo yalikuwa yakifanya biashara hiyo ya pili.

Kichwa cha habari na mtafutaji

Kazi halali huanza kwa kichwa. Kila ukurasa una kichwa kinachoonekana juu ya makala, na kingine kilicho ndani ya msimbo ambacho mtambo hukitumia mara nyingi kama mstari wa kubofya katika orodha ya majibu. Vichwa viwili hivyo si lazima vifanane, na hapo ndipo wahariri wa magazeti wanapopata ahueni.

Katika gazeti la kuchapishwa, msomaji huona picha, huona ukurasa ni wa michezo, kisha husoma kichwa "Kimeumana!" na kuelewa mara moja. Kwenye orodha ya majibu hakuna picha wala ukurasa wa michezo. Shabiki ameandika "Gor Mahia AFC Leopards matokeo", na "Kimeumana!" hakina hata neno moja kati ya hayo. Usanii wa kichwa, ambao vizazi vya wahariri wasaidizi viliuenzi, hauna thamani kwa buibui. Si lazima ufe, hata hivyo: kichwa chenye utani kinaweza kubaki juu ya makala, na kile cha ndani kikataja timu, mashindano na tarehe. Kinachosikitisha ni desturi iliyozuka ya kuviua vyote viwili na kuweka kichwa kirefu kilichosheheni maneno, kisichosomeka na binadamu wala kumfaa mtafutaji.

Baada ya kichwa huja anwani fupi inayosomeka, maelezo mafupi ya ukurasa (hayapandishi nafasi, lakini humshawishi mtu abofye), maelezo ya maneno kwa kila picha, na viungo vya ndani vinavyotaja mada badala ya kusema "bofya hapa". Makala ileile ikiwa katika anwani mbili, mtambo huambiwa ipi ndiyo asili kwa alama ambayo mitambo mikuu ilikubaliana kuitambua mwaka 2009.

Kiswahili kina masharti yake

Miongozo mingi ya taaluma hii imeandikwa kwa kuwazia Kiingereza. Katika lugha hiyo neno hubadilika mwishoni, na mitambo ilizoea kukata viambishi tamati ili kufikia shina. Mbinu mashuhuri ya Martin Porter ilichapishwa mwaka 1980. Kiswahili hubadilika mwanzoni na katikati. Mkulima, wakulima, kilimo, analima na walilimiwa ni jamaa wa shina moja, lakini mtambo unaolinganisha herufi tu utawaona kuwa wageni kwa wageni. Mitambo ya sasa imepiga hatua: mfumo wa BERT, ambao Google iliuanza kwa Kiingereza Oktoba 2019 na kuueneza kwa lugha zaidi ya 70 Desemba mwaka huo, husoma neno kwa kuzingatia yanayolizunguka. Hata hivyo, mwandishi mwangalifu hulitumia neno katika umoja na wingi, na huacha nomino na kitenzi vyote vionekane, jambo ambalo nathari nzuri hulifanya bila kulazimishwa.

Suala la msamiati ni zito zaidi. Mwandishi wa Kenya aliyefunzwa kusema "tarakilishi" na "rununu" anaweza kuandika makala bora kabisa isiyosomwa Tanzania, ambako mtu ataandika "kompyuta" na "simu ya mkononi". Kwa hakika hata Wakenya wengi hutafuta kwa maneno hayo ya pili. Hapa mhariri hulazimika kuchagua kati ya istilahi anayoipenda na neno ambalo msomaji analo kinywani, na hakuna kanuni ya mtambo itakayomwamulia. Njia ya wastani ni kuliweka neno la wengi katika kichwa na kuipa istilahi nafasi katika maandishi. Kisha kuna mambo madogo yanayosumbua, mathalani ritifaa ya "ng'ombe", ambayo wapo wanaoiacha wanapoandika kwa simu.

Ukurasa pia unapaswa kutangaza lugha yake ndani ya msimbo. Alama ya Kiswahili ni "sw". Tovuti yenye matoleo ya Kiingereza na Kiswahili inayosahau kuonyesha uhusiano wa matoleo hayo huenda ikamwona msomaji wa Kiswahili akipelekwa kwenye lile la Kiingereza.

Uchache wa maandishi ya Kiswahili mtandaoni una pande mbili. Mwenye kuandika vyema hukabiliana na washindani wachache. Lakini mwenye kupotosha naye hufaidika vivyo hivyo. Mama anayetafuta "dalili za malaria kwa mtoto" akikuta juu kabisa ukurasa wa muuza dawa za kienyeji, au tafsiri ya mashine ambayo hakuna daktari aliyeipitia, hasara yake si ya kubofya tu. Google huzitenga mada zinazogusa afya na fedha za watu na kudai kwazo ushahidi mkubwa zaidi wa ujuzi na uaminifu. Huajiri pia wakadiriaji wanaosoma matokeo kwa kufuata mwongozo ulio wazi kwa umma. Makadirio yao hayapandishi wala kushusha ukurasa mmoja mmoja, bali huijulisha kampuni kama kanuni zake zinafanya kazi. Ushahidi huo haupatikani kwa hila: jina la mwandishi na taaluma yake, tarehe ya makala, na hospitali, vyuo na wizara zenye tovuti zinazostahili kutajwa na wengine. Taasisi ya afya inayoweka miongozo yake kwa Kiingereza pekee, tena katika faili zilizopigwa picha zisizosomeka kwa buibui, huwa imekiachia kiti hicho yeyote anayekitaka.

Kasi, simu na mahali

Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya Kenya yaliongezeka kasi, lakini wengi huifikia intaneti kwa simu na kwa vifurushi vya kulipia. Ukurasa mzito huwagharimu. Mitambo nayo inalitambua hilo. Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka kwenye simu katika utafutaji wa simu, na sasa toleo la simu ndilo linalosomwa kwa ajili ya faharasa. Vipimo vyake vya ubora vinataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke wakati matangazo yanapojitokeza. Vipimo hivi havizidi uzito wa maudhui. Huamua zaidi pale kurasa mbili zinapokaribiana kwa ubora.

Kwa fundi wa magari Nakuru au msusi wa Kisumu, tovuti huenda isiwe hata hitaji la kwanza. Mtu anapotafuta huduma iliyo karibu, Google hutazama mambo matatu: iwapo huduma inalingana na swali, umbali, na umaarufu wa biashara. Kuisajili biashara kwenye ramani yake hakutozwi ada. Saa za kazi zilizo sahihi, nambari ya simu inayopokelewa na maoni ya wateja wa kweli hufanya kazi kubwa kuliko maneno yoyote ya ufundi.

Kulipia na kutolipia

Mara nyingi watu huchanganya matangazo na matokeo ya kawaida. Mwaka 1998 kampuni ya GoTo.com ya Marekani iliuza nafasi waziwazi kwa mnada, na Google ikaanzisha mfumo wake wa matangazo Oktoba 2000. Matangazo huwekewa alama na hutoweka fedha zinapokwisha. Kuyanunua hakuupandishi ukurasa katika orodha isiyolipiwa.

Fedha kubwa zaidi zilipita kwingine. Agosti 5, 2024, jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google ilidumisha ukiritimba wa utafutaji kinyume cha sheria. Kesi hiyo ilifichua kuwa mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe chaguo lililowekwa tayari katika simu na vivinjari. Wanaohangaika kuusoma moyo wa mtambo mmoja hawafanyi hivyo kwa mapenzi.

Tangu Mei 2024, Google ilipoanza Marekani kuweka juu ya orodha muhtasari ulioandikwa na akili unde, kutangulia kumepata maana nyingine. Muhtasari huo hujengwa kwa kurasa za watu, lakini msomaji aliyeridhika nao hana sababu ya kuzifungua kurasa hizo. Kwa gazeti linaloishi kwa matangazo, kutajwa bila kutembelewa hakulipi mshahara wa mwandishi. Google inasema kurasa hazihitaji alama yoyote ya pekee ili zitumike katika muhtasari. Zinahitaji kuwa katika faharasa na kuruhusu sehemu zake kunukuliwa. Mwenye tovuti anaweza kukataza kunukuliwa huko, ila akifanya hivyo hupoteza pia dondoo linaloonekana chini ya kiungo chake.

Anayetaka kujua juhudi zake zimefika wapi anaweza kutumia Search Console, huduma isiyolipiwa ya Google inayoonyesha maneno yaliyoufikisha ukurasa mbele ya watu, nafasi yake ya wastani, idadi ya waliobofya, na kurasa zilizokataliwa na sababu zake. Marekebisho mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi kadhaa, na kwa hivyo mshauri anayeomba malipo ya mwisho baada ya wiki moja hana budi kuulizwa anachokidai ni cha kazi gani.